Kizibo Kinachomeza

Jumapili, Novemba 13, 1988

Mbuke sasa hivi ameitumbukiza kalamu yangu kwenye kikombe cha uji, akaitoa, akainyonya, kisha akanitazama akisubiri nimsifu. Nimemsifu. Ana mwaka mmoja na kitu, na kwake kila kirefu ni kijiko. Kalamu nimeiosha, inaandika, ndiyo hii.

Daftari hili nimelinunua dukani kwa mume wa jirani yetu Mwamvua. Nataka Mbuke akikua asome habari za mwaka tuliokaa chini ya mnara. Mimi niliishia darasa la saba kwetu Didia na mwandiko wangu unalala upande, lakini unasomeka. Basi soma, mwanangu. Baba yako Pantaleo ni fundi wa kituo cha mawimbi, hapa kwenye kilima karibu na Bugarama. Mnara aliusimamisha na wenzake. Lakini kebo nene inayotoka kwenye kibanda cha mitambo na kupanda mpaka kwenye sahani ya kunasa mawimbi kule juu, hiyo anaiunga kwa mikono yake mwenyewe. Ikikamilika, mtu wa Geita atainua simu aongee na Shinyanga bila kupiga kelele. Kazi ikipokelewa, baba yako ataajiriwa moja kwa moja kuwa mwangalizi wa kituo, na tutaendelea kuishi kwenye nyumba hii ya bati. Isipopokelewa tunarudi kulima pamba. Sisemi kwamba kulima pamba ni kubaya. Nasema tu kwamba nimeshapanda maua mlangoni.

Novemba 16

Mvua. Nepi hazikauki.

Novemba 19

Leo nimepanda kilimani na birika la chai, Mbuke mgongoni. Amekuja mhandisi wa mradi, Bwana Akida, mtu wa pwani, mwembamba, anaongea taratibu kama anayepima maneno. Kaja na mashine ya kupimia ambayo wao huiita analaiza. Ina kioo kama cha televisheni, na katikati ya kioo unatembea mstari wa kijani.

Pantaleo alinieleza huku akinywa chai, na mimi naandika nilivyoelewa. Mashine inatuma mawimbi ndani ya kebo halafu inasikiliza yanayorudi. Kebo nzima inapitisha, haiyarudishi. Kebo yenye kasoro inayarudisha, na mstari unapanda. Ila kabla ya kupima chochote, mashine yenyewe lazima ifundishwe, maana ina kelele zake na waya wake una kelele zake. Ndiyo kazi ya vizibo vitatu vinavyokaa kwenye kiboksi cha mbao chenye mto wa sponji. Unaifungia mashine kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kiko wazi. Cha pili kinaziba njia, kila kinachokwenda kinarudi. Cha tatu kinaitwa lodi, na hicho kinameza kila kitu, hakirudishi hata chembe. Mashine ikishaviona vyote vitatu inajijua, inaziondoa kelele zake kwenye hesabu, na kinachobaki ndicho cha kebo.

"Kwa hiyo inaviamini tu?" nikauliza.

"Inaviamini tu," akasema Pantaleo. "Haina mtu mwingine wa kumuuliza."

Walipima nusu ya chini ya kebo. Mstari ulilala chini kabisa. Bwana Akida alimpa mume wangu mkono, nami nikaangalia pembeni ili nisionekane ninavyocheka.

Kesho anarudi Mwanza mpaka nusu ya juu iungwe. Mashine inabaki kibandani chini ya turubai. Kiboksi cha vizibo, kwa kuwa paa la kibanda linavuja, Pantaleo kapewa akitunze nyumbani. Kiko chini ya kitanda chetu, ndani ya kanga yangu mpya.

Novemba 27

Amekuja baba mkwe kutoka Didia, na karanga na jogoo. Mzee Maduhu ujana wake wote aliutumia kwenye mgodi wa Geita, enzi mgodi ule ulipokuwa ukifanya kazi, na hata leo mfuko wa koti lake haukosi jiwe jeusi la kusugulia dhahabu. Unasugua kitu kwenye jiwe, unatazama rangi ya mchirizi, unajua kama ni dhahabu au shaba. Wachimbaji wa huku bado wanamletea akipita.

Nilipiga magoti nikamwamkia, nikakaa mbali kama inavyotakiwa. Mkwe wangu hasemi na mimi moja kwa moja. Anasema kwa kupitia kwa Mbuke. "Mbuke, mwambie mama yako chumvi imetosha." Na mimi namjibu Mbuke. Mtoto anatugeukia huku na huku kama anaangalia mpira.

Pantaleo alikuwa mnarani. Mzee akasema, Mbuke, muulize mama yako baba yako kapewa kazi gani hasa, maana kule Didia wanasema anapaka rangi. Hilo liliniuma. Nikaingia ndani nikatoa kiboksi, nikakiweka juu ya kigoda mbele yake, nikamwambia Mbuke kwa sauti kwamba baba yako ameaminiwa hivi, na hiki kizibo chenye kisindano cha njano katikati kimepakwa dhahabu, Bwana Akida mwenyewe kasema. Nikarudi jikoni kwenye jogoo.

Nilipotoka, kiboksi kilikuwa kimefungwa vizuri. Mzee alikuwa ameliweka jiwe lake gotini na Mbuke akilipigapiga. Uso wa mzee ulikuwa umekunjuka wote. "Mbuke," akasema, "mwambie mama yako Serikali haikumdanganya baba yako."

Nimefurahi mpaka nimesahau pilipili.

Desemba 4

Mbuke amesimama bila kushika kitu. Ameanguka. Amesimama tena.

Desemba 12

Bwana Akida amerudi, kebo yote imeungwa, wamepima. Mbaya. Mstari umepanda juu na kukaa huko. Pantaleo amerudi nyumbani, hakula, amesema tu kwamba Bwana Akida anafikiri maji yameingia kwenye viungo alivyounga wakati wa mvua.

Desemba 13

Mbaya. Mvua.

Desemba 14

Pantaleo amepanda mnarani kati ya mvua na mvua, akafungua kiungo cha juu kabisa. Ndani kikavu kama unga. Amekifunga tena, wamepima. Mbaya vilevile.

Mwamvua anauza vitumbua kwa wachimbaji na habari zote zinapita kwenye karai lake. Ameniuliza leo mbele ya watu, "Mama Mbuke, mnara wenu ni wa simu au wa kupumzishia kunguru?" Nikamwambia kunguru nao wana ndugu wa kuongea nao Geita. Watu walicheka. Nilipofika nyumbani nililia kidogo, si sana.

Desemba 17

Nilimchukia Bwana Akida siku mbili hizi, nikaona ni mtu aliyekuja kutafuta wa kumtupia lawama. Leo nimebadilisha mawazo. Nimemkuta yeye na Pantaleo wamelala kifudifudi sakafuni kibandani, tochi mdomoni, wanafuata waya wa mashine. Shati lake jeupe lilikuwa na tope mpaka kwenye kola.

Kwanza walifikiri ni joto. Asubuhi kibanda kina baridi, mchana bati linawaka, na mashine iliyofundishwa kwenye baridi ikipima kwenye joto inapotoka. Basi leo wameiacha ipate moto wake kwanza, wakaifundisha saa sita, wakapima saa sita hiyohiyo. Mstari ulishuka kidogo, ukakataa kuendelea. Halafu wakashuku waya wa kupimia, kwamba ukiukunja baada ya kufundisha unabadilika. Wakaufunga kwenye meza kwa kamba usitikisike. Bado. Wakasafisha midomo yote ya kuungia waya kwa pamba na spiriti. Bado.

Pantaleo anasema wamepunguza makosa madogo yote na kosa kubwa limebaki limekaa. Bwana Akida akasema tukishindwa mpaka sikukuu, kebo yote itabidi ishushwe, na wa kuipandisha upya wataletwa wengine. Alisema hivyo akiangalia chini. Kusema kulimuuma, niliona.

Desemba 20

Kliniki. Nimeshtuka. Mbuke amepungua nusu kilo nzima. Nesi aliniangalia kama ninayemnyima mtoto chakula, na mtoto mwenyewe amening'inia kwenye mkoba wa mizani anacheka, mapaja yake kama mikate. Nikasema, nesi, samahani, mpime tena. Mama aliyekuwa nyuma yangu naye akalalamika, wake pia kapungua. Na wa nyuma yake.

Nesi ni mtu mwema, alisimama akafikiri. Asubuhi, alisema, aliseti sindano kwenye sifuri mkoba mtupu ukiwa umelowa, maana ulifuliwa. Sasa umekauka. Mizani bado inautoa uzito wa maji ambayo hayapo tena, na inautoa kwenye mtoto. Akaseti upya, akapima pakiti ya sukari kwanza kuhakikisha, ndipo akampima Mbuke. Hakupungua. Ameongezeka.

Jioni nilimweleza Pantaleo nikidhani namletea habari mpya. Akacheka, kwa mara ya kwanza wiki hii. "Hiyo sukari ya nesi ndiyo tunayoingoja," akasema. "Bwana Akida ameagiza Mwanza kizibo kingine cha kumeza. Kinakuja na gari la Ijumaa. Anataka kupima kizibo kwa kizibo."

Nikamuuliza kwa nini wasikipime hiki hiki walicho nacho. Akasema wameshakipima na mashine inasema ni safi kabisa. Itasemaje vingine? Ndicho kilichoifundisha.

Nimelifikiria hilo mpaka ugali umeungua.

Desemba 23

Gari limekuja. Nilikuwa mlangoni mwa kibanda na birika, kwa hiyo niliyoona nimeyaona.

Waliifundisha mashine kwa vizibo vyetu. Wakafunga lodi yetu, mstari ukalala chini kama mtoto aliyeshiba. Wakaitoa, wakafunga lodi ya Mwanza. Mstari ukaruka juu. Pantaleo akakunja uso. Kwa mashine yetu, mgeni ndiye mbovu. Bwana Akida akasema, haya, tugeuze. Wakaifundisha upya kwa lodi ya Mwanza, wakafunga yetu. Mstari ukaruka vilevile, na ukakaa palepale ambapo kebo imekuwa ikikaa muda wote huu.

"Moja kati ya hizi inadanganya," akasema Bwana Akida, "na bado hatujui ipi." Akatoa lenzi ya kukuzia, akaitazama ya Mwanza, akaitazama yetu. Akaitazama yetu muda mrefu. Kisha akampa Pantaleo lenzi.

Kile kisindano cha njano kimekwanguliwa upande mmoja mpaka chuma cha chini kinaonekana, na kimesukumwa ndani, kidogo tu, unene wa unywele. Hakimezi tena. Kinarudisha, na sisi tumekuwa tukiiambia mashine kwamba huko ndiko kumeza.

Bwana Akida akauliza, bila ukali, nani mwingine amekishika. Pantaleo akasema hakuna, kimekuwa nyumbani kwangu, ndani ya nguo, chini ya kitanda.

Nilikuwa nimeshika birika. Nililiona lile jiwe jeusi gotini kwa mkwe wangu kana kwamba liko mbele yangu, na Mbuke analipigapiga. Nikaweka chai chini nikashuka kilima.

Pantaleo aliporudi nilimwambia yote kabla hajavua viatu. Kwamba mimi ndiye niliyekitoa kiboksi, kwa sababu ya maneno ya kupaka rangi. Kwamba nilimwacha mzee nacho nikaenda kwenye jogoo. Alikaa kwenye kigoda kilekile. Nilingoja anigombeze. Akasema, "Baba alitaka kujua kama wameniamini kweli."

Akavua kiatu kimoja na soksi yake. Kisha akasema kwamba angeweza kusema kilitoka kiwandani hivyo, na pengine wangemwamini, maana kebo yake sasa imejulikana haina kosa. Lakini Bwana Akida amelala tope naye wiki nzima wakitafuta mahali ukweli ulipopotelea. Hawezi kuupoteza tena yeye mwenyewe, wakiwa wameshaukaribia hivi.

Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda akisema hayo, na soksi moja mguuni.

Desemba 24

Amesema. Bwana Akida alimsikiliza mpaka mwisho, akajibu kwamba ataandika mambo mawili kwenye taarifa yake ya Mwanza: kizibo kimeharibika mikononi mwa fundi, na fundi mwenyewe ndiye aliyesema. Wakubwa wa Mwanza ndio wataamua. Hakuahidi kitu.

Desemba 26

Mzee Maduhu alikuja jana kusherehekea nasi, hajui lolote. Pantaleo hakuweza kumwambia. Alianza mara mbili akaishia kuuliza habari za ng'ombe. Mimi ndiyo kabisa, nitamwambiaje mkwe?

Leo asubuhi Bwana Akida akaja kutusalimia sikukuu. Alimwamkia mzee shikamoo, akakaa, akala mihogo. Mzee alipoona kimya kimezidi akamgeukia Mbuke. "Mbuke, waulize hawa watu wamefiwa na nani."

Pantaleo akainama akasema. Alisema kwa Kisukuma, polepole, kwa heshima, na Bwana Akida asiyejua Kisukuma alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe. Mzee alisikiliza. Akaingiza mkono kwenye koti akatoa jiwe, akaliweka mezani mbele ya mhandisi.

"Ni hili," akasema kwa Kiswahili. "Nimesugua mimi. Kwenye mgodi tulizoea kupewa sifa za shaba. Nikataka nijue mwanangu amepewa nini."

Bwana Akida akalichukua jiwe. Mchirizi mwembamba wa njano ulikuwa bado upo. Akaugusa kwa kidole.

"Na ukaona nini, mzee wangu?"

"Dhahabu ya kweli. Ila imepakwa nyembamba kama ganda la kitunguu."

Bwana Akida alicheka mpaka akafuta macho. Akamwambia kwamba yeye na mashine yake walihangaika kuujua ubovu wa kizibo kile, na mzee kwa jiwe aliujua uzuri wake kwa mara moja, lakini ubaya wa njia ya mzee ni kwamba kitu kikishapimwa hakifai tena. Mzee akafikiri, akakubali kwamba hata kwa dhahabu ni hivyo kidogo. Kisha akauliza, sasa taratibu na uso ukiwa umebadilika, kama mwanawe atafukuzwa kwa ajili yake. Bwana Akida akasema hajui.

Mzee aliondoka mchana. Hakutaka kulala. Jiwe alilisahau mezani, au aliliacha.

Januari 9, 1989

Wamepima kebo yote kwa lodi ya Mwanza, baada ya mashine kupata moto, waya umefungwa, midomo imesafishwa, na baada ya kufunga kitu cha tatu kinachojulikana ili kuhakikisha, kama nesi na sukari yake. Niliitwa nione. Mstari umelala kutoka mwanzo hadi mwisho wa kioo. Viungo vyote vya Pantaleo, hata vile vya siku za mvua. Bwana Akida alimpa mkono mbele ya vibarua wote. Safari hii sikuangalia pembeni.

Januari 15

Hakuna majibu. Palizi ya mahindi.

Januari 22

Hakuna majibu. Mwamvua ameniletea vitumbua bila kuombwa, akasema ni vya mtoto. Tumekaa tukala sisi. Kumbe naye alipokuja huku kutoka Pangani alilia mwaka mzima.

Februari 3

Majibu. Pantaleo amepewa onyo la kuandikwa, na kwenye bahasha hiyohiyo amepewa kazi. Mwangalizi wa kituo. Alisoma onyo kwa sauti, neno kwa neno, halafu akasoma ajira, halafu akasoma onyo tena. Akasema yote mawili ni yake.

Kibanda kimepigwa bati jipya. Vizibo vipya vinakaa huko, ndani ya kabati, na ufunguo uko shingoni kwake. Ametuma mtu Didia ampelekee mzee habari, na jiwe lake.

Jumamosi, Februari 18

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya kibanda, kilimani. Mvua imenyesha asubuhi ikaacha, na ukitazama upande wa Geita unaona kila mti. Leo njia inafunguliwa. Ndani wamejaa, wakubwa wa wilaya na viatu vyao vya tope, na Bwana Akida katikati yao kwenye shati jeupe. Geita wameshaongea na Shinyanga. Mtu alisema tu "haloo, nakusikia kama uko chumbani," na watu wote wakapiga makofi. Mwamvua alipiga vigelegele mpaka Mbuke akaogopa.

Sasa wakubwa wanakunywa soda, na Bwana Akida amefanya jambo ambalo hakutuambia. Amempa Pantaleo simu aongee na posta ya Shinyanga. Kumbe tangu asubuhi mzee Maduhu yuko pale kwenye benchi, na koti lake, amesafiri kutoka Didia kwa gari la pamba. Namsikia mume wangu kutoka hapa. Hapigi kelele. Anaongea sauti ya nyumbani, anasema ndiyo baba, ndiyo baba, ni kebo ileile.

Mbuke nimemwandaa. Nimemwambia babu atasema na wewe, na wewe utamwambia mama, kama kawaida yetu. Anashika kalamu yangu kwa mkono mmoja na mimi kwa mwingine, ndiyo maana mistari hii imepinda. Nataka akija kusoma hapa ajue kwamba sauti ya babu yake ilipita kwenye viungo vya baba yake, vyote, na hakuna hata kimoja kilicho

Pantaleo ananiita. Nimemwambia namleta Mbuke, naye anasema hapana, mwache mtoto kwa Mwamvua, baba anataka kusema na wewe, wewe mwenyewe, amekutaja kwa jina, amesema nimwite Euphrasia, kwa hiyo